Miezi mitano kwa Mama: shajara ya mradi wangu wa sabuni ya maji

Naandika hii kwa wanachuo wenzangu wanaotaka kuanza kitu kidogo na hawajui waanzie wapi. Mi niko mwaka wa pili, napanga gheto Mabibo, Dar, na mshikaji wangu, na nimejifunza kwa mama mmoja wa Manzese anayetengeneza sabuni ya maji miaka mingi, anauzia mama ntilie, saluni, wenye kuosha magari na shule mbili. Jina lake silitaji, hajapenda, humu namwita Mama tu kama ninavyomwita kila siku. Hela zote nilizotumia nimeziandika kama zilivyo, hata zile zinazouma.

Mtaji ulikuwa shilingi 80,000 kutoka kwenye bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo.

Machi 2, 2024 (Jumamosi)

Nilimjua Mama kupitia dada anayetuuzia chakula, sabuni yake ya vyombo inatoka kwa huyo Mama. Nikaomba namba, nikapiga, akasema njoo Jumamosi asubuhi. Nimefika nikiwa na daftari jipya na maswali kama kumi hivi nimeyaandika, la kwanza kabisa "kipimo cha sulfoniki kwa lita 20 ni kiasi gani?", sulfoniki ndo asidi ya kutengenezea sabuni. Nimesalimia, shikamoo mama, akaitikia marahaba baba, akaniangalia lile daftari akacheka kidogo akasema "Hilo zuri, tutalitumia, ila leo osha kwanza madumu."

Madumu 34. Ya lita 5 na ya lita 20, yanarudi kwa wateja yakiwa na mafuta, mengine yana harufu ya samaki. Nimeosha mpaka saa saba mchana. Halafu akaniambia kazi yangu kwa wiki mbili ni hiyo pamoja na kuandika kila kinachotoka na kinachoingia pale kwake: nani kachukua dumu, nani karudisha, nani kalipa taslimu na nani kwa simu, na makato yalikuwa kiasi gani. Kipimo hajanipa hata kimoja. Nilirudi gheto nimenuna kwa kweli, nikaona ananitumia bure tu.

Machi 17

Wiki mbili ziliisha jana. Mfungo umeanza tarehe 12 kwahiyo Mama anafanya kazi mapema, mchana anapumzika. Jana alinionesha mkorogo mzima kuanzia mwanzo mpaka mwisho na mi nikaandika vipimo, akaniambia "Wa kwanza wako tutakoroga wote, Jumapili jioni baada ya futari." Nikaitikia sawa mama. Ila leo asubuhi nimeamka na haraka zangu, vitu nilishanunua Kariakoo tangu Ijumaa viko chini ya kitanda, nikaona kwani shida iko wapi, vipimo si ninavyo. Nikakoroga mwenyewe nyuma ya gheto.

Vifaa vya kuanzia: ndoo kubwa yenye mfuniko 7,000, mwiko 2,000, glavu 1,500. Jumla 10,500. Malighafi 23,300 maana nilinunua chumvi kilo 2 badala ya moja.

Sasa sikilizeni nilichokosea maana hapa ndo wengi wanaanguka. Mkorogo ukishachanganyika unakuwa na povu jingi sana, ndoo inajaa povu juu na ukinyanyua mwiko inaonekana nyepesi kama maji. Mi nikaona nyepesi, nikaongeza chumvi, maana niliandika kwenye daftari "chumvi inafanya nzito". Ikawa nzito kidogo, nikafurahi, nikaongeza tena. Baada ya kama dakika 20 ikaanza kulegea. Nikaongeza tena! Mpaka kilo zote mbili zimeisha na kwenye ndoo kuna maji ya kijani yanayonukia limao.

Jioni nimempelekea kwenye chupa. Akamimina kwenye kiganja, akaonja kwa ncha ya ulimi akatema, akauliza "Maji umechota wapi?" Nikasema kisimani, yetu ya bomba hayakutoka leo. Akaguna.

Alivyonielewesha ni hivi: chumvi inaongeza uzito wa sabuni mpaka inafika kileleni, ukipita hapo inageuka, kila unachoongeza kinashusha. Na visima vingi vya huku kwetu Dar maji yake yana chumvi tayari, kwahiyo kabla hujafungua pakiti yako ya chumvi ushatia chumvi. Yeye anatumia maji ya bomba au ya mvua tu. Halafu uzito haupimwi siku hiyo hiyo, unafunika ndoo, unalala, asubuhi povu limeshuka ndo unaona sabuni yako ikoje, kama bado nyepesi unayeyusha chumvi kidogo kwenye maji unatia kikombe kimoja unakoroga unasubiri.

Nikamuuliza inarudi? Akasema unaweza kuongeza slesi, ile malighafi ya kutoa povu, na maji yasiyo na chumvi ikakaa sawa, ila utakuwa umetumia hela mara mbili kupata sabuni moja, bora ukauze kwa waosha magari kwa bei ya chini. Hakunigombeza. Alichosema ni kwamba "Nilikuambia tutakoroga wote, hukusubiri. Andika na hilo kwenye daftari, usiandike chumvi peke yake."

Nimeuza yote kwa jamaa wa kuosha magari kwa 5,000. Hasara 18,300.

Machi 24 hadi 30

Mkorogo wa pili, safari hii kwake, yeye kakaa kwenye kigoda anaangalia tu. Imetoka vizuri sana, nzito, inang'aa. Kwa anayetaka kufuata, lita 20 nilizipata hivi na bei za Kariakoo za wiki hiyo:

sulfoniki kilo 1 – 6,000
slesi kilo 1 – 6,500
soda ashi (unga wa kuzima asidi) robo – 1,000
CDE (ya kuongeza povu na uzito) robo – 2,500
gliserini robo – 2,000
chumvi kilo 1 (ilitumika chini ya nusu) – 800
rangi – 500
manukato – 2,500
kihifadhi – 700

Jumla 22,500. Sulfoniki ni asidi, inachoma, vaa glavu na fanyia nje penye hewa, na asidi ndo inamiminwa kwenye maji, sio maji kwenye asidi. Soda ashi unaiyeyusha pembeni kwanza, unaitia kidogo kidogo, itachemka povu, subiri itulie ndo uongeze.

Nikajaza chupa 13 za lita moja na nusu, zile za maji ya kunywa zilizotumika, nanunua kwa wanaookota kwa 200 moja. Nikauza hosteli 3,000 kila chupa. Mpaka Ijumaa zimeisha zote na nikampigia Mama kwa furaha kabisa, nikamwambia mama nimetoa 22,500 nimepata 39,000, faida ni 16,500 kwa wiki moja. Akasema "Hongera baba. Kesho njoo na daftari na hizo hela."

Jumamosi tumekaa chini ya mwembe wake kama saa moja na nusu hivi, na hiyo saa moja na nusu nimejifunza vitu ambavyo somo la ujasiriamali la semesta nzima halikunipa, nasema kwa dhati. Alichukua kalamu akaanza kuuliza taratibu.

Chupa ulizinunua? Ndio, 2,600. Nauli ya Kariakoo? 600 kwenda 600 kurudi. Ulibebaje kutoka hapa kwangu mpaka Mabibo? Bodaboda 2,000. Waliolipa kwa simu, ulivyotoa hela ulikatwa? Kama 900. Akajumlisha: 29,200.

Chupa 13 zote umeuza? Hapo nikakwama. Moja nilimpa mshikaji wangu wa gheto, nyingine nilimpa dada mmoja wa hosteli aniitie wateja. Kwahiyo umeuza 11, ni 33,000 sio 39,000. Haya, zitoe hizo 33,000 tuzihesabu. Nikakwama tena maana wanne walichukua kwa mkopo mpaka bumu litoke, 12,000. Basi toa 21,000. Nikatoa 16,500, maana nilikula 4,500, wali wa siku tatu.

Akanyamaza kidogo. Akaandika 33,000 akatoa 29,200 ikabaki 3,800, akaizungushia duara. "Hii ndo faida yako, na bado iko kwa watu. Umefanya kazi saa ngapi, ukijumlisha kwenda Kariakoo, kukoroga, kujaza, kupita vyumbani?" Nikakadiria saa 9. "Mimi mtu wa kunikorogea nikimwita namlipa. Wewe umejilipa nini?" Sikujilipa kitu. Akasema andika 5,000 mshahara wako kila mkorogo, ni gharama kama slesi ilivyo gharama. Ukiandika hiyo 5,000 hesabu inakuwa hasara ya 1,200.

Halafu akaniuliza swali ambalo silisahau: "Sasa baba, hapo umeuza sabuni au umeuza bumu lako?"

Nilitembea kwa mguu kurudi Mabibo, nilitaka kufikiria. Na nikaelewa kwanini wiki mbili za kwanza aliniweka kwenye madumu na daftari. Kila kitu alichoniuliza pale chini ya mwembe nilikuwa nakiandika kwenye biashara yake kila Jumamosi, nani karudisha, nani kalipa, makato kiasi gani. Kwake niliandika vizuri kabisa, kwangu sikuandika hata kimoja.

Nilichobadilisha: madaftari mawili, la mradi na la kwangu. Hela ya mradi inakaa kwenye laini ya pili ya simu ambayo sina mazoea ya kuitumia. Nikitaka kula najilipa 5,000 yangu ndo nakula hiyo, ikiisha imeisha.

Aprili 13 hadi 20

Idi ilikuwa tarehe 10, tukala kwa Mama, pilau nzuri sana. Jumamosi nikakoroga wa tatu, peke yangu, kwa ruhusa yake. Na hapa ndo pameniuma kuliko kote.

Nilitaka kupunguza gharama. Soda ashi kwenye duka lingine Kariakoo ilikuwa bei ya chini, ilikuwa imegandagandana mabonge, muuzaji akasema haina neno ukiyeyusha inakuwa sawa. Na manukato nikachukua ya bei rahisi. Nikaokoa 1,000 tu jumla. Sabuni ikatoka nzito, rangi safi, nikalala nayo usiku kama inavyotakiwa, nikajaza chupa 13, siku nne nimeuza 9 zote taslimu.

Alhamisi usiku dada mmoja wa hosteli akanitumia picha za mikono yake. Myekundu, ngozi inabanduka kwenye vidole. Alifua shuka na mashati siku nzima kwa sabuni yangu. Kesho yake wawili wengine wakasema wanawashwa.

Kwanza nilitaka kukaa kimya, nakiri. Nilifikiria kusema labda ana aleji. Nikampigia Mama nikitegemea aniambie cha kujibu, akaniambia acha unachofanya, chukua chupa moja uje nayo sasa hivi. Alikuwa na karatasi za litmasi, zile tulizotumia kidato cha pili kwenye kemia, akachovya karatasi ya bluu ikageuka nyekundu mbele yangu. Asidi. Ile soda iliyoganda ilishanyonya unyevu, kwahiyo sehemu ya robo niliyopima ilikuwa maji, haikutosha kuizima sulfoniki. Kwenye kemia nilipata B na haikuwahi kunijia kwamba kile kitu kinahusu mikono ya mtu.

Mama alikuwa mkali siku hiyo. "Sabuni nyepesi mtu atakucheka. Sabuni inayochoma mtu hatakusahau. Rudi mlango kwa mlango, chupa zote 9, leo, sio kesho." Nikasema mama baadhi washatumia nusu. Akasema hata kama imebaki kifuniko, rudisha hela yake yote.

Nimepita vyumba vyote. Watano wamechukua hela yao, 15,000. Wanne wakasema niletee nyingine tu, nikawapa zile 4 zilizobaki ambazo hazikufunguliwa, baada ya kuzimimina kwenye ndoo na kuzirekebisha kwa soda nzuri na kuzipima mara tatu. Zile zilizofunguliwa Mama kakataa zisiuzwe tena kwa mtu, ziko kwake tunaoshea madumu. Yule dada wa mikono nimempelekea mafuta ya mgando ya 2,000 na nimemuomba radhi mbele ya wenzake chumbani. Alikuwa mpole kuliko nilivyostahili. Litmasi yangu mwenyewe nimenunua 3,000.

Toka siku hiyo hakuna chupa inatoka kwangu bila kupimwa, na soda ashi nanunua unga mkavu unaotiririka, nikiona bonge moja naacha. Na hiyo robo sio lazima iishe yote, unatia mpaka karatasi ikuambie inatosha.

Hela mkononi: 18,200. Hazitoshi hata mkorogo mmoja.

Mei 5

Nilimuomba Mama anikopeshe 30,000. Akakataa. Akasema "Sikukopeshi, nakuajiri." Kila Jumamosi namkorogea lita 60, ananilipa 7,000. Nimefanya mbili za Aprili, jana tarehe 4 ilikuwa siku ya kimbunga Hidaya, upepo na mvua tangu usiku, akanipigia mwenyewe alfajiri nisithubutu kutoka.

Mwezi huu wote masika imekuwa kali, bonde la Jangwani likijaa maji njia ya Kariakoo inakuwa shida na mauzo yenyewe yameshuka. Mi nilidhani wateja wamenikimbia kwa yale ya Aprili. Mama akanionesha daftari lake la miaka mitatu nyuma, kila mwaka Aprili na Mei wateja wa kufua wanapungua, nguo hazikauki watu wanaahirisha. Wanaobaki palepale ni mama ntilie na saluni, wao mvua inyeshe isinyeshe sahani na taulo zinaoshwa kila siku. Hakuniambia nifanye nini na hiyo habari, kanionesha tu kurasa.

Madeni ya Machi: bumu limetoka, watatu wamelipa 9,000, mmoja simu hapokei tena. Nimemuandika 3,000 na nimemuacha. Kuanzia sasa hosteli sikopeshi mtu, hata rafiki, na kuna urafiki mmoja umepoa kwa ajili hiyo, imeniuma ila nimeshikilia.

Mei 19

Nimeacha chupa. Nimenunua madumu 6 ya lita 5 yaliyotumika, 1,500 kila moja, 9,000. Mteja anaacha dumu tupu anapewa lililojaa, kama mtungi wa gesi vile. Bei 8,500.

Wateja wanne wa kwanza nimewapata kwa kuzunguka na Mama siku moja, alinikubalia nitafute maeneo ya jirani na chuo ambako yeye hafiki. Nilichojifunza kwa kumuangalia: hatangulizi sabuni. Anaingia, habari za kazi, poleni na mvua, anakaa, anaangalia sinki. Kwa mama ntilie mmoja aliona beseni la masufuria lina mafuta hayatoki, akamuuliza "Hii unayotumia unatia kiasi gani kwa beseni?" Yule mama akajibu nusu kikombe na bado. Mama akaosha sufuria moja mwenyewe kwa kijiko kimoja cha yetu. Basi. Mi ningeanza na bei.

Hesabu ya dumu ilivyo sasa, wekeni umakini hapa. Lita 20 ni madumu 4, mauzo 34,000. Malighafi 22,500, nauli 1,200, mshahara wangu 5,000, inabaki 5,300. Chupa zile, kama zingeisha zote 13 bila zawadi wala mkopo, 39,000 toa 29,200 toa 5,000, inabaki 4,800. Yaani bei ya lita iko chini lakini kinachobaki ni kikubwa kidogo, na nimetumia saa 4 badala ya 9, na hela yote imerudi siku moja. Nilipomuonesha Mama akaitikia kwa kichwa akasema kitu kimoja, niangalie hela inarudi baada ya siku ngapi kabla ya kuangalia inarudi na nini.

Juni 16

Hakuna jipya. Mikorogo ya tarehe 2, 9 na leo imeenda sawa, kila mmoja 5,300 imebaki. Hela mkononi 67,400. Mitihani inaanza, Jumapili ijayo sikorogi.

Juni 27

Nilipanga Jumatatu tarehe 24 nikimaliza mtihani wa asubuhi niende Kariakoo. Kufika nakuta maduka yamefungwa, ndo siku mgomo wa wafanyabiashara umeanza. Mtaa ambao siku zote hupiti bila kupigwa kikumbo ulikuwa na watu wamesimama tu makundi makundi. Nikarudi mikono mitupu, nauli 1,200 imeenda. Nikasema kesho watafungua. Jumanne hawajafungua.

Sikuwa na akiba hata ya gramu. Mi nilikuwa najisifia kwamba sina mzigo uliolala, nanunua Ijumaa nakoroga Jumapili hela inarudi Jumatatu. Wateja wangu wanne madumu yao yalishaisha tangu wikiendi, na kosa kubwa zaidi sikumpigia hata mmoja kumwambia, nilikuwa naona aibu nikawa nasubiri nipate mzigo kwanza.

Jumatano nikaenda kwa Mama. Yeye ana mzigo wa wiki tatu, nusu kwake na nusu kwa mdogo wake Mburahati. Aliniambia siku hiyo kwanini. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021 alikuwa na mzigo wake umehifadhiwa kwa mtu mule ndani, asubuhi hakukuta hata kopo. Tangu hapo mzigo wake haulali sehemu moja na haumalizi wa ndani ndo aende dukani.

Akaniuzia malighafi ya lita 20 kwa 26,000. Sio 22,500. Nilitegemea atanipa kwa bei ya duka, na labda uso wangu ulionesha, maana alinieleza bila mimi kuuliza: hii slesi nimeilipia Mei, hela yangu imelala nayo hapa tangu Mei, ningeweza kuifanyia jambo lingine, hiyo 3,500 ni ya kulala. Na kuna watu wawili asubuhi wametaka kwa 30,000 nimewaambia sina, nilijua utakuja. Nikakosa la kusema, nikalipa, nikamshukuru.

Leo nimepeleka. Watatu wamepokea, 25,500. Wa nne, mama ntilie wa getini, mteja wangu wa kwanza kabisa wa dumu, ameshachukua kwa mtu mwingine. Hakuwa na hasira. Aliniambia "Ungeniambia tu mwanangu ningenunua hata ya dukani siku mbili nikakusubiri." Simu ya shilingi mia ningekuwa naye mpaka leo.

Kuanzia sasa: malighafi ya mkorogo mmoja inakaa ndani muda wote haiguswi. Na mteja anapigiwa siku ninayojua nitachelewa, hata kama sina jibu la lini.

Julai 14

Dumu la nne liliuzwa wiki ya kwanza ya Julai, 8,500, kwa saluni mpya. Nimejilipa mshahara. Hela ya mradi ni 69,200 na madumu 6, ndoo, mwiko, litmasi.

Mama aliniambia niandike hesabu yote bila kuficha kwahiyo hii hapa. Nimeingiza 80,000 ya bumu na 28,000 za Jumamosi nne kwake, 108,000. Iko 69,200. Pengo 38,800. Vifaa na madumu ni 19,500, hivyo vipo. Nikichambua mkorogo kwa mkorogo, wa kwanza wa chumvi na wa tatu wa asidi peke yake vimekula 38,600. Mikorogo mitano ya madumu imerudisha 23,000 baada ya kunilipa mimi 25,000 mshahara. Kuna mtu ataona ni miezi mitano ya hasara. Mi naangalia ile mitano ya mwisho.

Tumeongea habari ya jina na alama ya ubora. Mama anayo ya TBS, na alianzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho, kasema atanipeleka akaniunganishe. Ila kasema nisikimbilie lebo, kwanza mikorogo kumi mfululizo karatasi isome sawa na uzito uwe ule ule, niandike kila mmoja. Nina mitano. Jina la biashara nitaandikisha BRELA bumu lijalo, nishaweka pembeni 20,000 kwenye hesabu ya mwezi wa kumi na moja.

Wanaouliza nimempataje Mama na wao watampataje: sina namba ya kutoa, ila mtaani kwako kuna mtu anauza kitu kile kile unachotaka kuuza na amefika miaka kumi, nenda Jumamosi asubuhi mapema, msalimie vizuri, na ukiambiwa osha, osha.

Jumatano naenda Kariakoo kuchukua slesi kilo 5 kwa mara moja, muuzaji amekubali kupunguza 500 kwa kila kilo. Kilo 2 zitakaa kwa Mama, 3 gheto. Mkorogo wa tisa ni Jumapili tarehe 21, lita 40 kwa mara ya kwanza, ndoo naazima kwake. Na kesho napita kwa mama ntilie wa getini, sina sabuni ya kumuuzia, nataka tu kumsalimia.